Kwa Nini Samaki Huvunjika Chunguni?

Mama amenunua samaki sokoni kwa fedha nzuri. Amemparua magamba, amemwosha, amemkata vipande, amemtia katika mchuzi. Baada ya dakika chache anafunua chungu, na tazama, vipande havionekani tena. Miiba imebaki peke yake, na nyama imekuwa kama uji.

Jambo hili lajulikana sana katika nyumba zetu za Mbeya na Iringa. Wengine husema moto ulikuwa mkali mno. Wengine humlaumu mpishi. Wengine humshitaki mchuuzi kwamba amewatia samaki wake dawa. Mara nyingi wote hao hawana kosa. Kilichomvunja samaki yule kilikuwamo ndani ya nyama yake mwenyewe, nacho kilianza kazi kabla hajafika sokoni, pengine hata kabla hajatoka ufuoni. Yafaa tukifahamu, maana anayekifahamu aweza kukizuia.

PAPAI NA NYAMA NGUMU

Tuanze na jambo ambalo akina mama wengi wanalijua. Mtu akiwa na nyama ya ng'ombe mzee, ngumu kama ngozi, huikwangulia papai bichi au huifunga katika majani ya mpapai. Baada ya muda nyama hulainika. Kwa nini? Kwa sababu utomvu wa mpapai una kitu kiitwacho papaini, ambacho hukata nyuzi za nyama vipande vidogo vidogo. Katika miaka ya 1950 utomvu mkavu wa mapapai ulikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka Tanganyika kwenda kuuzwa ng'ambo, na moja ya matumizi yake ilikuwa hii hii ya kulainisha nyama.

Vitu vya namna hiyo, wataalamu wa Kiswahili wameviita vimeng'enya, kwa kuwa kazi yake ni kumeng'enya, yaani kuvunja-vunja. Kila kiumbe kilicho hai kina vimeng'enya vyake. Tumboni mwetu vimo vinavyovunja chakula. Ndani ya misuli yetu vimo pia, navyo hubomoa protini zilizochakaa ili mwili ujenge nyingine mpya mahali pake. Samaki naye ni vivyo hivyo. Anapokuwa hai, kazi ya kubomoa na kazi ya kujenga zakwenda pamoja, wala hana hasara. Anapokufa, wajenzi huacha kazi saa ile ile, lakini wabomoaji huendelea.

Hiyo ndiyo siri yote. Samaki hulainika kwa sababu mwili wake unajimeng'enya wenyewe.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto darasani nguvu ya vimeng'enya bila gharama kubwa. Achukue vipande viwili vidogo vya nyama. Kimoja akitie katika maji ya nanasi yaliyokamuliwa sasa hivi, na cha pili katika maji ya nanasi yaliyochemshwa kabisa kisha yakapoa. Aviache kwa saa kadhaa, halafu watoto wavibonyeze kwa kijiti. Kile cha kwanza kitakuwa kimelainika kuliko cha pili. Wataona mambo mawili kwa pamoja: kwamba vimeng'enya hukata nyama, na kwamba moto huviua. Nyama hiyo isiliwe. Imekwisha kufanya kazi yake.

UKUTA WA FITO NA KAMBA

Ili tuelewe vizuri, tuitazame nyama ya samaki ilivyojengwa. Ukimla samaki aliyepikwa vema, utaona nyama yake inabanduka tabaka kwa tabaka. Kila tabaka ni fungu la nyuzi fupi za misuli, na kati ya tabaka na tabaka kuna ngozi nyembamba sana ya protini iitwayo kolajeni. Ni kama ukuta wa nyumba ya miti: nyuzi ni fito, na kolajeni ni kamba zinazozishika. Ng'ombe ana kamba nyingi na nene, ndiyo maana nyama yake huhitaji kuchemka muda mrefu. Samaki, anayebebwa na maji, hakuhitaji kamba nene. Zake ni chache na dhaifu, nazo huyeyuka upesi zikipata moto.

Sasa, vimeng'enya vinavyoubomoa ukuta huu ni vya namna mbalimbali. Vipo viitwavyo kalpaini, ambavyo hukata mahali pale ambapo uzi wa msuli umeungana na mwenzake. Hivi huamshwa na madini ya kalsiamu, ambayo humwagika ndani ya msuli samaki anapokufa. Vipo viitwavyo kathepsini, vinavyokaa vimefungiwa katika vifuko vidogo ndani ya kila seli. Vifuko hivyo viligunduliwa na mwanachuoni wa Ubelgiji, Christian de Duve, aliyevipa jina la lisosomu mwaka 1955, na mwaka 1974 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Samaki akifa, vifuko hupasuka kidogo kidogo, na kathepsini hutoka nje kama ng'ombe waliovunja zizi. Tena vipo vingine vinavyokata zile kamba za kolajeni zenyewe.

Mbali na hivyo vya msulini, viko vimeng'enya vya tumboni, vikali kuliko vyote, kwa sababu kazi yake ya kila siku ilikuwa kuyeyusha chakula. Samaki aliyevuliwa akiwa ameshiba ana tumbo lililojaa vimeng'enya hivyo. Akikaa saa chache katika joto bila kutumbuliwa, hutoboa utumbo, kisha hula ukuta wa tumbo kutoka ndani. Ndiyo maana usipa na dagaa, ambao ni wadogo na hawatumbuliwi, huonekana matumbo yamepasuka hata kama hawajaanza kutoa harufu mbaya.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Wazee wetu walisema: samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wakisema habari za malezi, lakini walikuwa wamemtazama samaki vizuri sana. Samaki aliyekufa sasa hivi hukunjika kama kitambaa. Baada ya muda hukakamaa akawa kama ubao, kwa sababu akiba ya nguvu iliyokuwa mwilini imekwisha na nyuzi za misuli zimeshikana. Kisha hulegea tena. Kulegea huku kwa pili si kama kule kwa kwanza. Ni dalili kwamba vimeng'enya vimekwisha kuanza kukata fito na kamba.

Muda wa kukakamaa una thamani kubwa kwa mvuvi, maana samaki angali imara. Katika joto, muda huo huja upesi na hupita upesi. Samaki aliyehangaika usiku kucha wavuni huutumia mapema zaidi, kwa kuwa amekwisha kuimaliza nguvu yake kabla ya kufa. Lakini yule aliyetolewa majini hai, akauawa mara moja na kuwekwa katika barafu, huchelewa kukakamaa, tena hukaa hivyo kwa muda mrefu.

KUTOKA BONDENI HADI MLIMANI

Hapa ndipo tunapofika kwenye shida yetu sisi watu wa nyanda za juu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haupungui sana. Hewa yetu ni baridi, na miezi ya Juni na Julai twatetemeka. Mtu angedhani kwamba samaki hawezi kuharibika upesi kwetu. Lakini samaki wetu hawavuliwi katika baridi. Uso wa Ziwa Nyasa, kule Matema na Itungi, hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto la Kyela kila mtu alijua. Ziwa Rukwa nalo limo bondeni. Bwawa la Mtera, wanakotoka perege na kambale wengi wanaoliwa Iringa, liko katika bonde la Ruaha Mkuu, nchi kavu yenye jua kali.

Basi samaki hufa katika joto, hukaa ufuoni katika joto, hupakiwa katika tenga au ndoo katika joto, na ndipo gari huanza kupanda. Kutoka Kyela hupita Tukuyu hadi Uyole, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kutoka Migoli, karibu na Mtera, hupanda hadi Iringa mjini. Anapofika kwenye baridi yetu, saa zile za kwanza, ambazo ndizo zinazoamua mambo, zimekwisha kupita. Baridi ya Mwanjelwa haiwezi kuurudisha nyuma ubomoaji uliofanyika Itungi.

Tena tuijue hesabu yake. Kwa kadiri, kila joto linaposhuka nyuzi 10, kazi ya vimeng'enya hupungua kama nusu, pengine zaidi. Samaki aliye katika nyuzi 30 akitiwa katika barafu hushuka nyuzi 30, yaani mara tatu ya nyuzi 10. Nusu ya nusu ya nusu ni sehemu moja ya nane. Ubomoaji ambao ufuoni ungefanyika kwa saa moja, katika barafu huchukua saa nane hivi. Saa moja ya jua ufuoni hula siku nzima ya kazi ya mchuuzi.

Kwa sababu hiyo ugomvi mwingi wa sokoni hauna msingi. Mnunuzi huja asubuhi amekasirika: "Dada, samaki wako wa jana amekuwa uji!" Mchuuzi hujibu: "Mama yangu, mimi nimempokea hivyo hivyo alfajiri, sikumtia kitu." Wote wawili wasema kweli, na wote wawili wamepata hasara. Mchuuzi atauza tenga lililobaki kwa nusu ya bei, naye mtaji wake pengine ni mkopo wa kikundi. Mnunuzi atarudi nyumbani na kununua mboga za majani tu.

Hasara hii si ndogo katika mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, tena huu ni mkoa unaovuna mahindi kwa wingi. Sababu za kudumaa ni nyingi, wala samaki peke yake hawezi kuziondoa. Lakini ugali bila kitoweo cha protini hautoshi kumkuza mtoto, na kila tenga linaloharibika njiani ni kitoweo kilichopotea.

LAINI SI LAZIMA AMEOZA

Yatupasa tutofautishe mambo mawili. Kulainika kwa vimeng'enya si kuoza. Kuoza ni kazi ya bakteria, nako huja na harufu mbaya na utelezi. Samaki aweza kuwa laini na bado akafaa kuliwa, na protini yake karibu yote ingalimo. Hata hivyo mambo haya mawili ni ndugu. Vimeng'enya vinapokata protini vipande vidogo, huwaandalia bakteria chakula kilichokwisha kutafunwa. Samaki aliyelainika sana leo, kesho ataoza upesi.

Iko hatari moja ambayo moto hauwezi kuiondoa. Samaki wa baharini wa jamii ya vibua na jodari wakikaa katika joto, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa sumu iitwayo histamini. Mtu akila huwashwa, uso humwiva, kichwa humgonga. Kuchemsha hakuiondoi. Basi vibua wa barafu waliokwisha kuyeyuka na kushinda juani wasinunuliwe, hata kwa bei ya bure.

Mnunuzi na amtazame samaki hivi. Ambonyeze kwa kidole gumba: shimo likirudi upesi, nyama ni imara, likibaki, kamba zimelegea. Atazame tumbo kama ni zima. Afunue matamvua aone kama ni mekundu. Macho yawe yamejaa, si yaliyozama. Mwisho amnuse.

LA KUFANYA

Kwa mvuvi, kazi ya kwanza ni kutega na kutegua mapema, ili samaki wasikae wavuni wamekufa katika maji ya moto. Samaki wakubwa watumbuliwe mara moja, kwa uangalifu nyongo isipasuke, na wasafishwe kwa maji safi. Wawekwe kivulini. Barafu ikipatikana, kipimo kizuri kwa nchi ya joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tabaka la hiki na tabaka la kile, katika sanduku lenye matundu chini ili maji ya damu yatoke. Samaki wa maji ya joto wana bahati moja: bakteria waliowazoea hawaijui baridi, kwa hiyo katika barafu perege na sangara hudumu siku nyingi kuliko samaki wengi wa bahari za baridi. Barafu ni ghali, lakini wachuuzi watano wakinunua pamoja na kutumia sanduku moja, gharama hugawanyika.

Kwa usipa na dagaa, ambao hawatumbuliwi, dawa ni haraka. Waanikwe juu ya chanja mara wanapofika, wala wasirundikwe. Kyela ni nchi ya mvua nyingi, na jua likikosekana wakaangwe au wabanikwe kwa moshi siku ile ile. Moto wa kubanika huviua vimeng'enya, na ukavu huvinyima maji ya kufanyia kazi. Chumvi nyingi nayo huvifunga mikono, kama watu wa pwani wanavyojua wanapotengeneza ng'onda.

Kwa wenye mabwawa ya samaki huku kwetu milimani, wasiwalishe perege siku moja kabla ya kuvua. Tumbo tupu halipasuki. Wavue asubuhi na mapema, maji yangali baridi.

Kwa wanaonunua samaki wa barafu, wakumbuke kwamba barafu huvilaza vimeng'enya lakini haiviui. Samaki akigandishwa polepole, chembe za barafu huwa kubwa, hupasua seli na vile vifuko vya kathepsini. Barafu ikiyeyuka, vyote huamka kwa pamoja. Kwa hiyo ayeyushwe mahali pa baridi, apikwe mara moja, wala asigandishwe tena.

Sasa tuingie jikoni. Kathepsini nyingine zina tabia ya ajabu: hupenda joto la nyuzi 50 hadi 60. Hapo hufanya kazi kwa nguvu kuliko wakati wote, na zikipita nyuzi 70 na zaidi ndipo hufa. Kando ya Bahari ya Pasifiki huko Marekani, wako samaki wanaogeuka uji kabisa wakipikwa polepole, lakini wakipikwa upesi huliwa vizuri. Nasi tujifunze. Samaki laini akitiwa katika maji baridi na kuwekwa juu ya moto mdogo, atapita katika hatari ile taratibu, naye atakwisha. Akitiwa katika mchuzi unaotokota, ataipita upesi. Huku Mbeya maji hutokota katika nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini hizo zatosha kabisa.

Hapa twaona hekima ya bibi zetu, waliomkaanga samaki kwanza ndipo wakamtia katika mchuzi. Mafuta ya moto hushika nyama ya nje mara moja na kuua vimeng'enya kabla havijapata nafasi. Chumvi na limau kwa nusu saa kabla ya kupika vyakaza nyama pia, lakini asilazwe katika limau usiku kucha, maana ukali wake utamlainisha badala ya kumkaza. Akiwa chunguni asikorogwe kwa mwiko. Chungu kitikiswe kwa masikio yake.

Mwenye kutaka kujua zaidi aweza kuwauliza mabwana samaki wa wilaya yake, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake Kyela. Wenye vyama vya wavuvi na vikundi vya akina mama wachuuzi na waweke jambo hili katika mikutano yao. Waulizane swali moja tu: samaki wetu hukaa saa ngapi tangu kufa hadi kupata kivuli, chumvi, moshi au barafu? Wakizipunguza saa hizo kutoka sita hadi mbili, wameongeza kitoweo bila kuvua samaki hata mmoja zaidi.